Uzee si Kuzama

Wahenga waliposema kwamba samaki mkunje angali mbichi, walisema kweli. Lakini methali hiyo imegeuzwa na wavivu wengi kuwa hati ya kuwaruhusu wasijifunze jambo lolote jipya baada ya mvi kuingia kichwani. Mtu akifika miaka hamsini huambiwa, naye hujiambia, kwamba yeye sasa ni samaki mkavu: hakunjiki tena, na akikunjwa atavunjika. Habari ifuatayo ni ya samaki mmoja wa namna hiyo, aliyekunjwa akiwa mkavu wala asivunjike.

Alikuwa sajini wa polisi katika mji mmoja wa Uganda ulio ukingoni mwa Ziwa Victoria. Jina lake halina haja hapa, kwani hakuna kambi isiyo na mtu wa namna yake: aliyenyooka mgongo, mwenye sauti ya amri, na viatu vinavyong'aa hata siku ya Jumapili. Umri wake ulikuwa miaka 54. Alikuwa na mke, watoto watano, wajukuu wawili, na goti la kulia lililoharibika siku alipoangushwa na pikipiki akiwa kazini. Kwa muda wa miaka mitatu alilificha goti hilo kama mtu afichavyo deni. Kila asubuhi alipanda ngazi za kituo akijishika ukutani, lakini kwanza aligeuka nyuma kuhakikisha kwamba hakuna konstebo anayemtazama.

Hatimaye goti lilimshinda, akaenda hospitali. Daktari alimweleza kwamba ule mto laini ulio kati ya mifupa ya goti ulikuwa umelika, na kwamba mbio za asubuhi pamoja na mpira wa miguu vilikuwa vikiumaliza uliosalia. Lakini kukaa kitako nako kungemdhuru, kwa maana misuli ya paja ndiyo nguzo ya goti, na nguzo isiyofanya kazi huoza. "Nenda majini," daktari alimwambia. "Mtu akisimama katika maji yanayomfika shingoni, maji humbebea karibu sehemu tisa katika kumi za uzito wake. Huko goti lako litafanya kazi bila kubeba mzigo."

Sajini aliitikia "Ndiyo, Daktari," akatoka nje, akakaa juu ya benchi kwa muda mrefu. Alikuwa hajui kuogelea.

Jambo hili huwashangaza wageni, lakini wakazi wa ukingo wa ziwa hawashangai. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800; linawalisha watu wa Uganda, Kenya na Tanzania, na huwachukua. Wengi wanaoishi kando yake hulijua kwa kulitazama, kwa kuteka maji na kwa kupanda mashua, wala hawajapata kulala juu yake. Wazazi huwakataza watoto wasiingie, kwa hofu ya kuzama na kwa hofu ya kichocho, nao watoto hukua, huvaa sare, hupewa filimbi, hupangiwa zamu mwaloni, na bado hawajui.

Na hapo ndipo palipokuwa na siri ya Sajini. Miaka zaidi ya ishirini nyuma, akiwa bado koplo, alikuwa zamu katika mwalo mdogo siku moja alasiri. Upepo ulivuma, mashua iliyochukua wachuuzi ikapinduka mahali ambapo mtu mwenye nguvu angeweza kutupa jiwe likafika. Yeye alisimama pale maji yalipokoma, akapiga filimbi. Alipiga filimbi mpaka pumzi ikamwishia. Wavuvi ndio waliojitosa, wakawatoa watu saba. Wawili hawakutolewa mpaka kesho yake. Jioni ile Koplo aliandika taarifa, na mkubwa wake akamsifu kwa mwandiko safi na maelezo yasiyo na kosa. Nyumbani alimwambia mkewe kwamba alifika mwaloni mambo yakiwa yamekwisha. Tangu siku hiyo hakupenda kupangwa zamu ya mwaloni, na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Basi mtu huyu ndiye aliyeambiwa aende majini kutafuta afya.

Mjini palikuwa na bwawa la kuogelea katika nyumba moja ya wageni. Meneja alikubali kwamba Sajini aingie alfajiri, kabla wageni hawajaamka, kwa malipo kidogo. Mtunza bwawa alikuwa kijana wa miaka 24 aliyefundisha watoto kuogelea siku za mapumziko. Siku ya kwanza kijana alisimama wima na kusema, "Shikamoo, Afande." Sajini, akiwa amevaa kaptula yake ya kuogelea na kujifunika taulo kama mwari, alijibu, "Marahaba. Lakini humu ndani wewe ndiwe afande. Mimi nitakuita Mwalimu." Wakapatana hivyo, na mapatano hayo hayakuvunjwa.

Mwalimu alijaribu kwanza kumfundisha kutia uso majini. Haikuwezekana. Kila uso ulipoingia, kifua cha Sajini kilibana, naye aliinuka akihema na macho yamemtoka. Wakajaribu mtindo wa chura. Huko teke la kupindua miguu kwa nje lilimtonesha goti, jambo linalojulikana sana kwa wenye magoti mabovu. Wiki ya pili Mwalimu akasema, "Basi, Mzee, tutaogelea tukitazama mbinguni."

Kuogelea chali kuna sifa ambazo mtu mzima hawezi kuzipuuza. Uso uko nje, kwa hiyo pumzi ni bure, haihitaji kuibwa kati ya mkono na mkono. Shingo haigeuzwi huku na huku. Miguu hupiga teke jepesi la juu na chini, lianzialo kwenye nyonga na kwisha kwenye vidole, na goti hujikunja kidogo tu kama kamba iliyolegea. Kifua hufunguka, na mabega yaliyoinama kwa miaka mingi ya kuandika mezani au kubeba bunduki hurudishwa nyuma. Lakini mtindo huu una bei yake: mwogeleaji haoni anakokwenda. Sharti aamini. Kwa askari, ambaye maisha yake yote amefundishwa kutazama mbele na kulinda mgongo wake, hilo ni somo gumu kuliko yote.

Kwa wiki nzima Sajini hakufanya lolote ila kulala juu ya maji, kiganja cha Mwalimu kikiwa chini ya kisogo chake. Alipoogopa, alikunja kiuno kama mtu aketiye kitini, na papo hapo makalio yalizama na kuuvuta mwili wote. "Kichwa ndicho usukani, Mzee," Mwalimu alimwambia. "Ukiinua kichwa kutazama vidole vya miguu, miguu inazama. Tia masikio majini, inua tumbo, tazama juu." Masikio yalipoingia majini dunia ilinyamaza, akasikia moyo wake mwenyewe ukipiga. Asubuhi moja, akiwa amelala hivyo akihesabu mawingu, aliona Mwalimu amesimama ukingoni mwa bwawa, mikono yote miwili mfukoni. Hakujua kiganja kilikuwa kimeondolewa tangu lini.

Baada ya hapo kazi ilikwenda mbele. Alijifunza kwamba mkono hutoka majini kidole gumba kikitangulia, huzunguka ukiwa umenyooka, na huingia tena nyuma ya bega kidole cha mwisho kikitangulia. Alijifunza kwamba kiwiliwili hakikai bapa kama ubao. Huviringika upande huu na upande ule kwenye mhimili wake, ili mkono uvute maji ubavuni wala usilazimishwe nyuma ya mgongo. Jambo hili ni kubwa kwa mtu mzima, kwa sababu kano za bega la miaka hamsini si za bega la miaka ishirini. Bila kuviringika, bega hupokea adhabu ambayo kiuno kingepaswa kuigawana nalo. Lakini kichwa hakiviringiki pamoja na mwili. Mwalimu alimwekea kikombe cha plastiki chenye maji nusu juu ya paji la uso, akamwamuru aogelee bila kukimwaga. Mwezi wa kwanza kikombe kilianguka kila mara. Mwezi wa tatu kilivuka bwawa zima, mita 25, kikafika upande wa pili na maji yake.

Mwezi wa nne alijigonga kichwa ukutani. Katika mabwawa ya mashindano hutundikwa vibendera juu ya maji, mita 5 kabla ya kila ukuta, ili mwogeleaji aliye chali ajue kwamba ukuta umekaribia. Kila mtu hupima mwenyewe ni mikono mingapi humtoa kwenye vibendera hadi ukutani, naye huiweka hesabu hiyo moyoni kama namba yake ya kazi. Mwalimu alikuwa ametundika vitambaa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Hesabu ya Sajini ilikuwa mikono mitano. Siku hiyo alikuwa akifikiria karo ya mtoto wake wa mwisho, akahesabu minne mara mbili. Alihudhuria gwaride akiwa na nundu kubwa utosini, na makonstebo wakanong'ona kwamba Mama amemwadhibu Afande kwa ufito.

Mama mwenyewe hakufurahishwa na jambo hili. Si kwamba alimwonea mumewe wivu kwa ajili ya afya, la hasha. Bali majirani katika kota walikuwa na midomo. "Baba," alisema jioni moja akichambua mchele, "mtu mwenye wajukuu kuvaa kikaptula na kulala chali mbele ya wageni wa hoteli, hiyo ni dawa au ni aibu?" Sajini alijibu, "Mama, ni dawa." Mkewe alimtazama kwa muda, kisha akarudi kwenye mchele wake. Lakini aliona kwamba mumewe sasa alipanda ngazi bila kujishika ukutani, na kwamba usiku hakugeuka tena huku na huku akitafuta namna ya kulilaza goti. Siku zilizofuata Sajini alikuta taulo lake limefuliwa na kukunjwa kabla ya alfajiri. Hakuna aliyesema neno.

Ni Mwalimu aliyeleta habari za mashindano. Alieleza kwamba duniani kote yako mashindano ya waogeleaji wakongwe, na kwamba ya kwanza ya dunia nzima yalifanyika Tokyo, nchini Japani, mwaka 1986. Humo watu hushindana na wa rika lao. Marika yamepangwa kwa miaka mitano mitano kuanzia miaka 25: wa 50 hadi 54 peke yao, wa 55 hadi 59 peke yao, na kuendelea mpaka waliovuka mia. Tena umri huhesabiwa kwa ule ambao mtu atakuwa nao tarehe 31 Desemba ya mwaka wa mashindano. Sajini, ambaye angetimiza miaka 55 mwezi Novemba, alicheka. "Maisha yangu yote nimekuwa nikiogopa kuongezewa umri kabla ya kustaafu," alisema, "na leo naongezewa kwa kuogelea!"

Mwalimu akamsimulia habari za wawili, ambazo Sajini hakuzisahau.

Wa kwanza ni Bibi Mieko Nagaoka wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1914. Alipokuwa amekwisha kupita miaka 80, goti lilimsumbua, akaingia majini kulitibu. Kutoka tiba akaingia mashindano, na mtindo wake ulikuwa huu huu wa mgongo. Mwezi wa Aprili mwaka 2015, akiwa na miaka 100, aliogelea mita 1,500 katika bwawa la mita 25 mjini Matsuyama, yaani aliukata urefu wa bwawa mara sitini, akiwa chali tangu mwanzo hadi mwisho. Alitumia saa 1, dakika 15 na sekunde 54, akawa mtu wa kwanza mwenye miaka mia kuumaliza mwendo huo mashindanoni. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 106.

Wa pili ni Adolph Kiefer wa Chicago, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1918. Katika Michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, akiwa kijana wa miaka 18, alishinda medali ya dhahabu ya mita 100 kwa mtindo wa mgongo, kwa dakika 1 na sekunde 5.9. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto aliingia katika Jeshi la Wanamaji la nchi yake, akakuta kwamba mabaharia wengi walikuwa wakipelekwa baharini bila kujua kuogelea, na meli zilipozamishwa walikufa maji. Akatiwa katika kazi ya kuwafunza wakufunzi wa kuogelea, akawafundisha wapiganaji namna rahisi ya kwenda chali, mikono yote miwili ikisukuma maji pamoja, ambayo hata mtu aliyechoka na mwenye hofu aweza kuifuata. Kiefer aliendelea kuingia majini mpaka miaka yake ya tisini, akafariki mwaka 2017 akiwa na miaka 98.

Habari ya Bibi Nagaoka ilimchekesha Sajini kwa furaha. Ile ya Kiefer ilimnyamazisha. Alivaa nguo zake bila kuaga, na Mwalimu alidhani amemkosea.

Tangu siku hiyo mazoezi yakawa kazi kweli. Walikutana mara nne kwa wiki. Kwanza mita 200 za polepole za kupasha mwili moto, kwani misuli ya mtu mzima ni kama gari la zamani, haitaki kukimbizwa ingali baridi. Kisha mateke peke yake, mikono ikiwa imenyooshwa nyuma ya kichwa. Kisha mkono mmoja kwa zamu. Kisha mita 25 mara nane kwa kasi, na mapumziko ya nusu dakika kati ya mara na mara. Mwalimu alimfundisha kuhesabu mapigo ya moyo shingoni kwa sekunde kumi, na kukadiria kipeo cha moyo wake kwa kutoa umri wake katika 220; ni kadirio tu, lakini humzuia mzee asijifanye kijana. Alimfundisha pia kutofautisha uchovu wa msuli, ambao hupona kwa usingizi, na maumivu makali ya ndani ya bega, ambayo ni amri ya kusimama. Mara mbili Sajini aliipuuza amri hiyo, na mara zote mbili alikaa wiki nzima bila kuogelea. Mara ya tatu alitii.

Mara moja kwa wiki walipima mita 100. Ya kwanza ilichukua dakika 3 na sekunde 20. Baada ya miezi kumi ilikuwa dakika 2 na sekunde 38, na hapo ikakwama. Wiki sita haikupungua hata sekunde moja. Sajini alifahamu kitu ambacho vijana hawakifahamu: kwamba kwa mtu wa rika lake, kutorudi nyuma ni namna ya kwenda mbele.

Siku ya mashindano ilifika, Jumamosi yenye jua kali. Yalikuwa mashindano madogo tu, yaliyoandaliwa na wapenda kuogelea katika bwawa la wazi la mita 25. Katika mita 100 za mgongo za wenye miaka 50 na zaidi walijiandikisha wanaume watano. Wanne walikuwa wamejifunza kuogelea utotoni. Ilionekana kwa jinsi walivyoingia majini bila kufikiri. Mkewe Sajini alikuja pamoja na mjukuu mkubwa, akaketi safu ya nyuma kabisa chini ya mwavuli, kama mtu aliyepita njia akapumzika.

Mbio za mgongo huanzia ndani ya maji. Waogeleaji hushika vyuma vya ukutani, hukunja magoti, na kungoja. Sajini aliposikia amri ya kujiweka tayari, aliivuta miili yake miwili, ule wa miaka 54 na ule wa yule koplo wa zamani, akaikusanya kifuani. Kipenga kililia. Kwa mara ya kwanza tangu alasiri ile ya mwaloni alisikia filimbi akiwa ndani ya maji.

Mita 25 za kwanza alikwenda kwa pupa. Jua lilimpiga machoni, na kwa kuwa hapakuwa na dari ya kumwongoza, alipinda, mkono ukapiga kamba ya kugawa njia. Akajirekebisha. Vibendera vikapita juu yake. Moja, mbili, tatu, nne, tano, ukuta. Urefu wa pili ulikuwa mzuri kuliko wote: kichwa kimetulia, viuno vinaviringika, maji yanapita masikioni kwa sauti moja. Urefu wa tatu mapaja yakawa mawe. Ndipo hofu ya zamani ikarudi, kifua kikabana, na kichwa kikataka kuinuka kutafuta ufuko. Alijua kwamba akikiinua, miguu itazama. Akatazama mbinguni. Urefu wa nne alikwenda polepole kuliko wote, akihesabu kila mkono kama mtu anayehesabu fedha za mwisho, mpaka kiganja chake kilipougusa ukuta.

Alikuwa wa tano katika watu watano. Wa nne alikuwa amekwisha vua miwani yake ya majini. Mshika saa aliinama, akasema kwa heshima, "Dakika 2 na sekunde 29, Mzee." Sajini alikaa majini, amejishika kwenye kamba, asitoke. Watu walidhani amechoka. Mjukuu wake alipiga makofi peke yake, kisha bwawa zima likamfuata.

Walirudi nyumbani kwa taksi, mjukuu amelala mapajani mwa bibi yake. Njia ilipofika mahali ziwa linapoonekana, mkewe aliuliza kwa sauti ya chini, "Baba, kule majini ulikuwa ukilia. Kwa sababu ya kushindwa?"

"Sikushindwa," alisema Sajini. Kisha akamweleza. Alimweleza habari ya mashua, ya upepo, ya filimbi, na ya mahali aliposimama. Alisema kwamba hakufika mambo yakiwa yamekwisha. Alikuwapo tangu mwanzo.

Mkewe alinyamaza mpaka ziwa lilipofichwa tena na miti. "Siku ile," alisema, "ulirudi na buti kavu. Watu wote waliotoka mwaloni walikuwa wamelowa, hata waliofika mwisho. Mimi ndiye niliyezipiga rangi buti zile."

"Basi ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema, Mama?"

"Nilikuwa nikingoja useme wewe."

Ndugu msomaji, huenda ukasema kwamba habari hii si ya michezo. Ni ya michezo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na wengi wao walikuwa watoto na vijana. Askari na polisi wengi wa nchi za Maziwa Makuu hufanya kazi kando ya maji, na familia zao hukaa huko huko. Mtu mzima anayejifunza kulala chali juu ya maji anajitafutia afya ya moyo na ya viungo, lakini pia anapata dakika chache za uhai siku mashua itakapopinduka, na pengine dakika chache za kumpa mwingine. Hata hivyo, asidhani kwamba kujua kuogelea kunatosha kumfanya mwokoaji. Anayezama humshika mwokozi wake na kumzamisha, kwa hiyo kamba, mti au dumu tupu hutangulia mwili. Anayetaka kuanza baada ya miaka hamsini amwone daktari kwanza, amtafute mwalimu, aanzie katika bwawa lenye maji safi wala si ziwani kwenye kichocho na mamba, na asiogelee kamwe akiwa peke yake. Kwa mengineyo, mvi si kizuizi.

Sajini hakuacha mashindano. Rafu ya sebuleni kwake haina kikombe hata kimoja, lakini ukutani ipo karatasi yenye tarehe na dakika, na mwisho wake pameandikwa 2:26. Isitoshe, kila Jumamosi alasiri meneja wa nyumba ile ya wageni huwaachia bwawa kwa saa moja. Mwalimu hufundisha, na Sajini huwa msaidizi wake. Wanafunzi wa kwanza walikuwa watoto kumi na mmoja wa kambini na makonstebo watatu, ambao waliona haya kumcheka tena Afande walipotambua kwamba wao wenyewe hawawezi hata kuelea. Somo la kwanza huwa ni lile lile: masikio majini, tumbo juu, tazama mbinguni. Kiganja cha Sajini hukaa chini ya kisogo cha kila mmoja kwa muda wote anaouhitaji.

Wiki ya tano mkewe aliingia katika uwanja wa bwawa, amejifunga kanga mbili juu ya nguo ya kuogelea aliyojishonea mwenyewe, ndefu hadi magotini. Hakutazama kulia wala kushoto. Alimpita mumewe, akamwendea kijana, akasema, "Mwalimu, mimi nina miaka 51. Mtu kama mimi anaanzia wapi?"

Mwalimu alimtazama Sajini, na Sajini akashuka majini, akanyosha mkono.